Shahada Halali, Usajili Umekataliwa: Kisa cha Saa 312

Barua ilikuwa na aya tatu. Ya kwanza ilimshukuru mwombaji kwa maombi yake ya usajili. Ya pili ilieleza kwamba shahada yake ya uzamili katika ushauri nasaha imehakikiwa, imetolewa na chuo kikuu halali, na kiwango chake kinalingana na shahada ya uzamili ya nchi aliyohamia. Ya tatu ilisema bodi inayosajili wataalamu huko haiwezi kumsajili kufanya kazi ya saikotherapia, yaani tiba ya nafsi kwa mazungumzo, kwa kuwa programu aliyosoma haimo katika orodha ya programu zinazotambuliwa, na kumbukumbu za mafunzo yake kwa vitendo hazionyeshi kuwa ametimiza saa zinazotakiwa.

Aliponiletea barua hiyo alikuwa ameipigia mstari aya ya pili kwa kalamu nyekundu.

"Mwalimu, hawa watu wanajipinga," akaniambia. "Juu wanasema shahada yangu ni halali, chini wanasema haifai."

Nilimwomba akae kwanza. Hawakuwa wanajipinga. Aya ya pili na ya tatu zilikuwa zinajibu maswali mawili tofauti, na katika miaka miwili yote ya masomo hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba maswali ni mawili. Chuo hakikumwambia, walimu wake hawakumwambia, hata ofisi iliyopokea ada ya maombi yake haikumwambia.

Mimi ni mshauri nasaha, na sehemu kubwa ya kazi yangu siku hizi ni kuwasimamia washauri wanaoanza. Mwenye kisa ameniruhusu kukiandika. Nimebadilisha yale ambayo yangeweza kumtambulisha. Chuo, bodi na nchi zote mbili nimeviacha bila majina. Hesabu ya saa sikuigusa, maana bila hiyo hakuna kisa.

Nembo tatu

Kabla ya haya yote alikuwa mwalimu wa sekondari. Wanafunzi walikuwa wakimfuata baada ya vipindi kumweleza mambo yaliyowalemea, naye akaona kwamba moyo wa kusikiliza anao, ila hajui afanye nini na anayoyasikia. Akatafuta programu ambayo angeweza kuisoma bila kuacha kazi. Aliyoipata ilikuwa ya miaka miwili, masomo kwa mtandao, na wiki moja ya kukutana ana kwa ana katika kila muhula. Ada alilipa kwa akiba yake mwenyewe.

Walimu wake walikuwa wazuri. Nimesoma kazi alizoandika na maoni waliyompa pembeni mwa kurasa, na ni maoni ya watu waliosoma kila mstari. Nalisema hili mapema ili isidhaniwe kwamba nazungumzia chuo feki. Vyuo feki vipo, na kuvitambua si kazi ngumu sana. Hiki kilikuwa chuo cha kweli, chenye wahadhiri wa kweli, na bado mhitimu wake alikwama. Kisa cha namna hii ndicho kinachonikosesha usingizi zaidi.

Kwenye ukurasa wa programu palikuwa na nembo tatu, zimepangwa mstari mmoja chini ya maneno "Inatambuliwa kikamilifu". Tulizichunguza moja baada ya nyingine, jioni nzima.

Ya kwanza ilikuwa ya tume ya serikali inayosimamia vyuo vikuu. Ilikuwa ya kweli kabisa. Tume ilikuwa imekikagua chuo: uongozi wake, fedha zake, maktaba, sifa za wahadhiri, utaratibu wa mitihani. Ithibati hiyo, yaani uthibitisho rasmi wa ubora, inasema chuo kina haki ya kutoa shahada. Kama mhitimu wa programu fulani yuko tayari kuketi na mtu anayewaza kujiua, hilo tume haikuulizwa, na wala haikudai kulijibu.

Ya pili ilikuwa ya chama cha washauri nasaha. Tulipofungua orodha za chama chenyewe tulikikuta chuo, lakini katika kundi la taasisi wanachama. Taasisi mwanachama ni ile iliyojaza fomu na kulipa ada ya mwaka. Chama hicho hicho kilikuwa na orodha nyingine, fupi zaidi, ya programu ambazo mitaala na mafunzo yake ya vitendo yamekaguliwa, na humo chuo hakikuwemo. Nembo inayotumika kwa orodha zote mbili ni moja. Mwanafunzi anayeitazama kwenye simu yake usiku, amechoka, ana siku tatu kabla ya dirisha la maombi kufungwa, hawezi kuona tofauti, na chuo kilijua kwamba hataiona.

Ya tatu ilikuwa ya baraza lenye neno "kimataifa" katika jina lake. Tulitafuta mahali panapoeleza ni nani anayelikagua lenyewe, hatukupaona. Hapa pana jambo ambalo waombaji wengi hawalifikirii: mtoa ithibati naye anapaswa kuwa na anayempima. Marekani, kwa mfano, programu za ushauri nasaha hukaguliwa na CACREP, baraza lililoanzishwa mwaka 1981, na CACREP nayo inatambuliwa na CHEA, chombo ambacho kazi yake ni kuwapima watoa ithibati. Uingereza, rejesta za vyama vya washauri na wataalamu wa saikotherapia hupimwa na mamlaka ya viwango vya kitaaluma, PSA, chini ya mpango uliotokana na sheria ya afya na huduma za jamii ya mwaka 2012. Nyuma ya nembo ya tatu hapakuwa na kitu cha namna hiyo. Baraza lilijipa mamlaka lenyewe, kisha likaanza kuwagawia wengine.

Kwa hiyo katika nembo tatu, moja ilikuwa ya kweli lakini ilihusu chuo, moja ilikuwa risiti ya ada, na moja haikuwa na uzito wowote. Hakuna hata moja iliyohusu programu yenyewe.

"Kutambuliwa"

Lugha yetu inachangia tatizo hili, na sisi tunaoitumia kazini tunapaswa kulisema wazi. Chuo kinatambuliwa, programu inatambuliwa, cheti kinatambuliwa, mtu anatambuliwa: neno ni lile lile, mambo ni manne. Mtu akiniambia programu yake inatambuliwa, siku hizi namuuliza imetambuliwa na nani, kitu gani hasa kilichotambuliwa, na kwa ajili ya kazi ipi. Mara nyingi anaweza kujibu swali la kwanza tu.

CACREP haiwapi ithibati vyuo vikuu. Inakagua programu moja moja, kwa fani. Chuo kimoja kinaweza kuwa na programu ya ushauri wa afya ya akili yenye ithibati na nyingine, katika jengo lile lile, isiyo nayo. Ithibati hiyo nayo ina muda. Ya kipindi kirefu ni miaka 8, kisha ukaguzi unaanza upya. Mwombaji mwenye kuangalia jina la chuo peke yake hawezi kujua lolote kati ya haya.

Turudi kwenye aya ile ya pili. Kulinganisha viwango vya vyeti kati ya nchi na nchi ni kazi ya kitaaluma yenye mikataba yake. Ulaya kuna Mkataba wa Lisbon wa mwaka 1997. Afrika kuna Mkataba wa Addis Ababa wa mwaka 2014. UNESCO ilipitisha mkataba wa dunia nzima mwaka 2019, ukaanza kutumika mwaka 2023. Msingi wake ni kwamba nchi itambue sifa ya elimu ya juu iliyopatikana kwingine, isipokuwa ikionyesha kwamba pana tofauti kubwa ya msingi. Ni mambo mazuri. Yamewawezesha watu wengi kuendelea na masomo bila kurudishwa nyuma. Lakini yanahusu elimu. Anayetaka kusoma shahada ya uzamivu anafunguliwa mlango. Anayetaka kuketi na wateja chini ya jina linalolindwa na sheria anapelekwa mlango mwingine, wa taaluma yenyewe, na huko wanaanza na swali ambalo mikataba haikuligusa: umefanya nini, na nani, mbele ya nani?

Ndiyo maana bodi iliweza kuandika aya zote mbili bila kusita. Kiwango: uzamili. Maandalizi ya kazi: hayajathibitishwa.

Daftari

Chuo kilimpa kila mwanafunzi daftari la jalada gumu lenye safu tano: tarehe, mahali, aina ya kazi, muda, sahihi. La kwake limechakaa kwenye kona, na ukurasa mmoja una alama ya maji. Kwenye safu ya aina ya kazi ameandika neno moja kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho: "ushauri". Ndivyo alivyoelekezwa. Mwishoni kabisa kuna jumla, imepigwa mistari miwili chini: saa 312.

Tuliketi na daftari hilo na kalamu za rangi nne, tukaanza kugawa. Ilituchukua vikao viwili, kwa sababu mara nyingi ilibidi arudi kwenye ujumbe wa simu na barua pepe za zamani ili akumbuke siku fulani alikuwa wapi.

Saa 118 zilikuwa mazoezi ya darasani ya watatu watatu: mmoja mshauri, mmoja mteja, mmoja mtazamaji, kisha wanabadilishana. Nyingi zilifanyika kwa video.

Saa 46 alikuwa ameketi pembeni ya vikundi vilivyoendeshwa na mtu mwingine, akitazama na kuandika.

Saa 60 alizifanya kwenye huduma ya simu ya watu walio katika dhiki, akiwa mtu wa kujitolea.

Saa 88 alizifanya kliniki, na wateja halisi, chini ya mwanasaikolojia aliyesajiliwa, ambaye sahihi yake inasomeka na namba yake ya usajili imeandikwa pembeni.

Alipoona rangi hizo nne zimekaa ukurasani alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa hiyo nimefanya saa themanini na nane." Nikamwambia hapana, amefanya zote 312, ila hazikuwa za aina moja, na aliyemfundisha kuziita kwa jina moja hakumtendea haki.

Msomaji anaweza kuona bodi zinazochambua saa namna hii ni za watu wanaopenda makaratasi. Hata mimi niliwahi kufikiri hivyo. Tarakimu zenyewe hutofautiana sana kati ya mahali na mahali. CACREP inataka saa 100 za mazoezi ya awali, kati ya hizo 40 ziwe na wateja moja kwa moja, kisha saa 600 za mafunzo tarajali, 240 zikiwa za wateja moja kwa moja. Chama cha washauri na wataalamu wa saikotherapia cha Uingereza, BACP, kinataka kozi inayoomba ithibati yake iwe na angalau saa 400 za kufundishwa na mkufunzi na saa 100 za kazi inayosimamiwa; mshauri mmoja mmoja anayeomba ithibati yake binafsi anatakiwa kuonyesha 450. Ontario, Kanada, usajili kamili unahitaji saa 450 za kuonana na wateja na 100 za usimamizi. Cheti cha Ulaya cha saikotherapia, kinachotolewa kupitia chama cha saikotherapia cha Ulaya, EAP, kinahesabu mafunzo yote pamoja na kufikia saa 3,200 kwa muda usiopungua miaka 7. Ukizisoma tarakimu hizi peke yake utaona kila mtu ana lake. Ukisoma maelezo yaliyo chini yake utaona wanaotofautiana hivyo wanakubaliana juu ya mambo mawili: mteja awe mteja kweli, na awepo mtu mwenye sifa anayejua unachomfanyia.

Kwa nini mteja awe mteja kweli? Hili alinijibu yeye mwenyewe, bila kukusudia. Kuhusu mteja wake wa kwanza pale kliniki sitasema lolote ila hili: aliingia, akaketi, hakuongea. Dakika moja, tatu, tano. Yeye alikuwa amezoea mazoezi ya darasani, na darasani mwenzako hawezi kukuacha uaibike. Ukikwama anakupa sentensi, anajua mtihani ni wenu wote. Huyu hakumpa kitu. Alikuwa na ufunguo mkononi, anaugeuza, anaugeuza. Mshauri wetu alihisi jasho likimtiririka mgongoni na maswali yote aliyojifunza yakigombana mdomoni, na karibu aulize lolote ili mradi ukimya uvunjike. Alijizuia. Anasema ilikuwa kama dakika kumi, na inawezekana zilikuwa chache zaidi. Ndipo yule mtu akasema sentensi moja, na ndiyo sentensi iliyomleta.

Jioni hiyo alimsimulia msimamizi wake. Msimamizi hakumsifu. Alimuuliza: "Ule wasiwasi uliotaka kuuliza maswali, ulikuwa wa nani?" Wakalizungumzia kwa saa nzima. Aliponisimulia hayo nilimwambia kwamba hiyo saa moja, na ile iliyoitangulia, ndizo bodi inazozitafuta. Katika zile 118 za darasani, ambazo zilimfaa sana na alizihitaji, ukimya wa namna ile haukuwahi kutokea hata mara moja, na usingeweza kutokea.

Msimamizi yupi?

Sasa zile saa 60 za simu. Hizi nilizipigania, kwa sababu waliompigia walikuwa watu halisi wenye shida halisi, na baadhi ya usiku ulikuwa mzito kuliko chochote alichokutana nacho kliniki. Mwanzoni bodi ilizikataa zote. Sababu ilikuwa sahihi iliyo kwenye safu ya tano.

Aliyetia sahihi alikuwa meneja wa huduma, mtu mwadilifu na mwenye uzoefu mkubwa katika ustawi wa jamii. Fomu ya chuo ilisema "sahihi ya msimamizi", na yeye kweli alikuwa msimamizi: alipanga zamu, alihakikisha watu wanafika, aliwapa pole baada ya simu ngumu. Lakini hakuwa mshauri wala mtaalamu wa saikotherapia, na hakuwahi kukaa na mwanafunzi kuchambua kilichosemwa kwenye simu na kwa nini.

Hapa tena lugha inatuponza. Msimamizi wa zamu na msimamizi wa kitaaluma wote tunawaita wasimamizi. Wa kwanza anauliza kazi imefanyika? Wa pili anauliza umemsikiaje yule mtu, umekosea wapi, na kesho utafanya nini? CACREP kwa mafunzo tarajali inataka wastani wa saa moja kila wiki ya usimamizi wa mwanafunzi mmoja au wawili kwa pamoja, na juu yake saa moja na nusu ya kikundi, na imeweka sifa za anayeruhusiwa kuufanya. Programu ya mwenzetu ilikuwa na mstari mmoja tu katika kitabu cha mwongozo: mwanafunzi atatafuta mahali pa mafunzo na kuhakikisha anasimamiwa.

Atatafuta. Neno hilo moja lilihamisha mzigo wote kutoka kwa chuo kwenda kwa mtu ambaye bado hajui tofauti ya wasimamizi wawili. Nikiulizwa kosa kuu katika kisa hiki liko wapi, nitaweka kidole hapo. Nembo zilikuwa udanganyifu mdogo kulinganisha na sentensi hiyo. Programu inayomwachia mwanafunzi kutafuta mahali, kutafuta msimamizi na kuamua mwenyewe saa ipi inahesabika, imejitoa katika nusu ya mafunzo na bado inatoza ada ya mafunzo kamili.

Wenzake kumi na mmoja

Darasa lao lilikuwa na wahitimu kumi na wawili. Kumi na mmoja waliobaki nchini mwao hawana tatizo lolote. Wanafanya kazi, wengine wana wateja wengi kuliko mimi. Alipowasimulia yaliyompata, mmoja alimwambia bodi ile ina roho mbaya.

Sidhani. Shahada ni moja, sheria ni mbili. Kule walikosoma, jina la mshauri nasaha halilindwi, kama ambavyo Uingereza hadi leo majina ya mshauri na mtaalamu wa saikotherapia hayalindwi na sheria. Kinachompa mtu nafasi ni rejesta za hiari na matakwa ya waajiri. Kwingine mambo ni tofauti kabisa. Austria ilikuwa na sheria ya saikotherapia inayofanya kazi tangu 1991. Ujerumani ilitunga yake, ikaanza kutumika 1999, kisha mwaka 2020 ikaanzisha mfumo mpya ambao njia ya kuingia ni masomo maalumu ya chuo kikuu yanayoishia kwenye leseni ya serikali. Ontario chombo cha kusajili wataalamu wa saikotherapia kilianza kazi rasmi 2015. Marekani leseni hutolewa na kila jimbo kivyake: Virginia ilitangulia mwaka 1976, na jimbo la mwisho kuwa na sheria ya leseni ya washauri, California, likafuata 2009. Miaka 33 kwa nchi moja kukamilisha orodha. Taaluma hii ni changa, na kila mahali imekomaa kwa kasi yake.

Kwa hiyo chuo kilipoandika "inatambuliwa kikamilifu" hakikusema uongo kwa mtu ambaye hangeondoka. Kilisema uongo kwa mtu ambaye angeondoka, na chuo kinachofundisha kwa mtandao, chenye wanafunzi wa nchi kadhaa katika darasa moja, hakiwezi kusema hakikujua kuwa watu huhama.

Kuna upande mwingine ambao sitaki kuuficha. Ithibati ya programu ni ghali, inakula muda, na taasisi ndogo zenye mafunzo mazuri ya miaka minne au mitano wakati mwingine hubaki nje ya orodha kwa sababu hazina watu wa kuandaa ripoti ya ukaguzi. Nimewasimamia wahitimu wa taasisi za namna hiyo ambao ningewakabidhi mtu wa familia yangu bila wasiwasi. Kutokuwemo kwenye orodha si ushahidi wa ubovu. Bodi yenye busara inajua hilo, ndiyo maana huacha njia ya pili ya kumpima mwombaji mmoja mmoja kwa nyaraka zake. Njia hiyo ndiyo tuliyoifuata.

Tulichofanya

Bodi iliomba vitu vinne: muhtasari wa kila somo pamoja na saa zake, sifa za waliofundisha, kumbukumbu za vitendo zilizotiwa sahihi, na barua ya chuo inayoeleza sera yake ya mafunzo kwa vitendo. Aliandika chuoni. Baada ya wiki sita walimtumia nakala ya matokeo, ambayo tayari alikuwa nayo, na kipeperushi cha kuvutia wanafunzi wapya. Mratibu aliyemfundisha alikuwa ameshaondoka. Mihtasari ya masomo aliipata kwa kuomba kwa wenzake darasani. Mmoja alikuwa amehifadhi kila kitu tangu wiki ya kwanza. (Kama unasoma programu yoyote ya fani hii, pakua mihtasari yako leo. Mfumo wa chuo ukibadilishwa, hutaiona tena.)

Kwa zile saa za simu, alikumbuka kwamba katika miezi ya mwisho alikuja mwanasaikolojia aliyekuwa akiketi na watu wa zamu kila baada ya wiki mbili na kupitia simu moja moja. Tukamtafuta. Alikuwa na shajara yake ya kazi, tarehe zote zimo. Aliandika barua ya ukurasa mmoja, akaeleza walichokuwa wakifanya na kwa muda gani, bila kuongeza chumvi. Bodi ilikubali saa 34 kati ya 60, zile zilizofanyika baada ya mwanasaikolojia huyo kuanza. Saa 88 za kliniki zilipita bila swali. Jumla ikawa 122, kati ya 450 zinazotakiwa.

Zile 118 na 46 hatukuziombea chochote. Alitaka tujaribu, nikamshauri tusijaribu. Maombi yanayosukuma kila kitu huifanya kamati ishuku hata kile kilicho safi.

Lawama moja naiweka kwa bodi. Maana ya saa inayohesabika, yaani mteja halisi na msimamizi mwenye sifa, waliieleza vizuri sana, lakini katika kiambatisho ambacho mwombaji hukifikia baada ya kulipa ada. Ingekuwa kwenye ukurasa wa kwanza, angeisoma miaka mitatu kabla, akiwa bado anachagua programu. Nimewaandikia kuhusu hilo.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa hivi: asajiliwe kama mwanagenzi, afanye kazi chini ya msimamizi aliyeidhinishwa, akamilishe masomo mawili aliyokuwa na upungufu nayo, maadili ya kazi na tathmini ya hatari, na afikishe saa zilizobaki 328. Analo daftari jipya. Safu ya aina ya kazi ameigawa yeye mwenyewe mara nne kwa rula, na juu ya safu ya sahihi ameandika "jina, sifa, namba ya usajili". Mstari wa kwanza una dakika 50.

Kwa ruhusa yake nilikiandikia chuo, nikawaeleza rangi nne za daftari na nini kiliwezekana na nini hakikuwezekana. Walijibu kwa heshima. Walisema wamelichukulia kwa uzito, nembo mbili zitaondolewa kwenye ukurasa, na kuanzia wanafunzi watakaopokelewa mwaka ujao chuo chenyewe kitawatafutia mahali pa mafunzo na msimamizi aliyesajiliwa. Niliuliza kuhusu waliomo darasani sasa. Hao, waliandika, wataendelea na utaratibu walioanza nao.